Giaboksi ya Corolla inavuja tena? Mwongozo kamili wa kutafuta chanzo na kuziba

Kuna wateja wanaonirudia na gari lilelile na sentensi ileile: "Papa, iko inavuja tena." Sili ni mpya, fundi ameshalipwa, mafuta yamejazwa, na asubuhi doa liko palepale. Mara nyingi sili haina kosa. Ilifungwa kabla mtu hajajua mafuta yanatoka wapi, au ilifungwa vizuri huku kipumulio cha giaboksi, kile cha kutolea hewa, kikiwa kimeziba.

Maelezo haya ni ya Toyota Corolla za miaka ya 1990, AE100 na AE110, zenye giaboksi ya mkono ya gia tano ya C50, kwa sababu hapa Goma, mashariki mwa Kongo, bado ziko nyingi. Gari lingine linalovutwa na magurudumu ya mbele litafuata njia hiyohiyo, ila vipimo vitabadilika.

Tuelewane kwa maneno kwanza. Giaboksi ni ile bwati ya vitesi. Kardani ni mhimili unaotoka kwenye giaboksi kwenda gurudumuni. Sili ni kipete cha mpira chenye springi ndogo ndani. Kwa wauza piesi (vipuri) wa Birere, mtaa wa biashara hapa Goma, iombe kwa jina la spi.

## Vitu vya kuandaa

- Kriki (jeki) imara na stendi mbili za chuma.
- Vipande vya mbao vya kuzuia magurudumu.
- Kle (spana) ya 24 ya vizibo vya giaboksi, ya 17 ya mkono wa chini (chuma kinachoshika kitovu cha gurudumu kwa chini), ya 21 ya magurudumu, na soketi ya 30 yenye mkono mrefu kwa nati ya kardani.
- Bisibisi bapa kubwa, koleo, nyundo, na kipande cha mbao ngumu.
- Rondela (washa) mbili mpya za vizibo.
- Lita 2 za mafuta ya giaboksi, 75W-90 daraja la GL-4. Giaboksi hii huchukua lita 1.9.
- Faneli na mpira wa kama mita moja na nusu.
- Boksi kubwa la karatasi lililokunjuliwa, karatasi nyeupe, poda ya mtoto, tochi, brashi, matambara.
- Mafuta ya taa ya kuoshea. Ukituma kijana, mwambie "mafuta ya taa". Hapa kwetu petroli ndiyo hayo mafuta ya taa, lakini kijana aliyekulia upande wa Kenya au Tanzania ataleta esansi, yale mafuta ya kuendeshea gari, na esansi chini ya gari lililo moto ni moto unaosubiri cheche.

Umeona sili haimo kwenye orodha. Usiinunue bado.

Kuhusu stendi sitanii. Mawe hapa ni ya bure, na ndiyo maana watu wanayaweka chini ya gari. Jiwe la volkano limejaa matundu kama mkate. Linabeba leo, kesho linapasuka. Niliwahi kuona Corolla ikikaa juu ya jiwe la namna hiyo kwa saa nzima. Fundi akatoka chini kwenda kuchukua kle ya 17. Kabla hajairudia, jiwe likagawanyika vipande viwili na diski ya breki ikachimba udongo mahali kilipokuwa kichwa chake. Alikaa juu ya tairi, kle mkononi, hakusema neno kwa muda mrefu. Kama huna stendi, azima.

## Hatua ya 1: Lalia boksi

Egesha gari mahali tambarare kabisa. Goma hilo si jambo dogo, maana nyua nyingi ni mawe matupu. Bora uombe nafasi kwenye sementi ya jirani. Tandika boksi chini ya injini na giaboksi, chora alama panapokaa magurudumu mawili ya mbele, kisha acha usiku kucha.

Asubuhi, kabla hujaliondoa gari, lala chini utazame doa liko chini ya nini hasa. Kwenye gari hizi giaboksi iko upande wa kushoto wa gari, injini upande wa kulia. Doa la kulia kabisa si la giaboksi, labda liwe limetoka kwenye kardani ndefu ya kulia, ambayo inaingia giaboksi karibu na katikati ya gari.

## Hatua ya 2: Yajue mafuta kabla ya kulaumu giaboksi

Dondosha tone kwenye karatasi nyeupe, lisugue kwa vidole, linuse.

Mafuta ya giaboksi ni mazito, rangi ya asali au kahawia, na yana harufu kali ya kiberiti, kama yai lililooza. Harufu hiyo hutaisahau ukiinusa mara moja. Mafuta ya injini yaliyotumika ni meusi na mepesi zaidi, yananukia kuungua. Mekundu ni ya usukani. Majimaji mepesi, yanayoteleza na kubandua rangi ya gari, ni ya breki au ya klachi. Kama klachi yako ni ya mafuta na si ya waya, silinda yake ndogo imefungwa ubavuni mwa giaboksi, ikivuja unadhani ni giaboksi.

Hapa ndipo nilipojifunza kwa aibu. Nilibadilisha sili ya kardani ya kushoto ya gari la mwalimu mmoja mara mbili. Mara ya tatu nikainua macho juu badala ya kutazama chini. Distribita inayogawa moto kwa plagi, ile tunayoiita deliko, iko mwisho wa kichwa cha injini upande wa giaboksi, juu yake kabisa. Oringi yake, kipete cha mpira cha kuziba, ilikuwa imekauka, ngumu kama plastiki, ikanivunjikia vipande vitatu mkononi. Mafuta ya injini yalikuwa yanateremka taratibu, yanaipaka giaboksi yote, kisha yanadondokea pale pa kardani. Kosa lilikuwa langu: sikunusa.

Ukishajua ni mafuta ya injini, mwongozo huu umekwisha kwako. Anza na oringi ya deliko na gasketi ya kifuniko cha vali.

## Hatua ya 3: Osha, pakaa poda, endesha

Giaboksi iliyolowa yote haisemi inavuja wapi, kwa sababu upepo wa safari unasukuma mafuta nyuma na kuyasambaza. Injini ikiwa imepoa, osha giaboksi yote kwa mafuta ya taa na brashi, kisha sabuni na maji. Usielekeze maji kwenye deliko wala kwenye waya. Acha ikauke kabisa.

Ikikauka, pulizia poda ya mtoto kwenye kila mshono: kuzunguka vizibo viwili, pale kardani zinapoingia, kwenye mhimili wa kuchagulia gia, kwenye waya wa spidi, na chini ya nyumba ya klachi. Endesha kilomita 10 hadi 15 mpaka mafuta yapate moto, maana mafuta baridi ni mazito na uvujaji mdogo unajificha.

Rudi, tazama kwa tochi. Tafuta mahali pa juu kabisa palipolowa, si panapodondoka. Mafuta yanashuka, hayapandi. Mstari mweusi kwenye poda nyeupe utakupeleka mpaka mlangoni. Kama poda yote imelowa na hujaona mstari, rudia kwa safari fupi zaidi.

## Hatua ya 4: Kipumulio na kiwango, kabla ya kununua chochote

Hatua hii ni ya bure, na wengi wanairuka.

Juu ya giaboksi kuna kikofia kidogo cha chuma. Hicho ndicho kipumulio. Hewa ya ndani ikipata moto inatanuka na kutokea hapo. Kikiziba, hewa haina pa kwenda: ikitoka nyuzi 20 hadi nyuzi 80, shinikizo lake linapanda kama asilimia 20, na mdomo wa sili haukuundwa kuzuia msukumo huo. Mafuta yanapenya kwenye sili iliyo dhaifu kuliko zote. Ukiibadilisha hiyo, yanahamia ya pili. Ndiyo hadithi ya wale wa "iko inavuja tena".

Vumbi letu jeusi likichanganyika na mafuta linakuwa kama lami. Pangusa nje kwanza ili uchafu usiingie ndani, loweka kikofia kwa mafuta ya taa kidogo, kisha kizungushe kwa vidole. Kinatakiwa kuzunguka na kucheza kidogo. Kikiganda kabisa, kibadilishe.

Kisha kiwango. Gari likiwa tambarare, fungua kizibo cha kujazia, kile cha juu ubavuni. Ingiza kidole, kikunje kuelekea chini. Mafuta yanatakiwa kufika ukingo wa chini wa tundu, au yasishuke zaidi ya milimita 5.

Yakimwagika mengi ulipofungua, giaboksi ilijazwa kupita kiasi, kwa kawaida kwa sababu gari liliinuliwa upande mmoja wakati wa kujaza. Acha yatoke mpaka yasimame yenyewe. Wapo waliopona kwa hatua hii peke yake, na fundi wao hakufurahi.

## Hatua ya 5: Soma mahali, uamue

Kwenye vizibo. Badilisha rondela. Kukaza zaidi rondela iliyochoka kunakula meno ya aluminiamu ya giaboksi, na hapo hasara ni kubwa. Nguvu ya kukaza ni 39 Nm (nyutoni-mita): ukishika kle ya sentimita 30 mwishoni, ni mvuto wa kama kilo 13.

Kwenye waya wa spidi. Ni oringi ndogo. Bolti moja, unachomoa, unaweka mpya yenye unene uleule.

Kwenye mhimili wa kuchagulia gia. Sili ndogo, inabadilika giaboksi ikiwa garini, lakini nafasi ni finyu na subira inahitajika.

Kwenye mshono wa vipande viwili vya giaboksi. Kwanza angalia bolti zilizolegea. Kupaka silikoni kwa nje hakusaidii. Mafuta yanaibandua kutoka ndani. Dawa ya kweli ni kuufungua mshono, na hiyo ni kazi ya gereji.

Chini ya nyumba ya klachi. Hapa nusa tena. Ukipata kiberiti, ni sili ya mhimili unaoingia giaboksi. Ukipata mafuta meusi ya injini, ni sili ya nyuma ya krenki, mhimili mkuu wa injini. Zote mbili zinataka giaboksi ishushwe. Usiishushe peke yako, na ukishaishusha badilisha sili zote mbili na utazame klachi siku hiyohiyo, maana diski iliyolowa mafuta itateleza hata ukiiosha.

Ufa kwenye mwili wa giaboksi. Unapatikana kwa wanaopita kwenye mawe bila bamba la chini. Gundi ya chuma ni ya kukufikisha nyumbani tu.

Kwenye kardani. Ndiyo kesi ya wengi, basi tuifanye kwa ukamilifu.

## Hatua ya 6: Kubadilisha sili ya kardani

Sasa ndiyo unanunua sili. Taja upande: ya kushoto na ya kulia hazifanani. Nyingi zina mistari midogo kwenye mdomo inayorudisha mafuta ndani kulingana na upande mhimili unaozungukia. Ukizibadilishana, mistari ileile inayatoa nje. Mdomo wa mpira uwe laini, springi iwe mahali pake. Sili iliyokaa juani kwenye meza ya muuzaji miaka miwili ipinde kidogo kwa kidole. Ikionyesha nyufa, mrudishie.

1. Fungua kizibo cha kujazia kabla ya cha kumwagia. Cha juu kikigoma baada ya mafuta kumwagika, umebaki na gari lisilotembea. Cha juu kikishafunguka, mwaga mafuta kwenye beseni. Tazama sumaku ya kizibo kama ipo: unga laini wa kijivu ni kawaida, vipande vya chuma vinavyoshikika kwa vidole si kawaida.

2. Legeza nati ya kardani gurudumu likiwa chini. Toa pini, mtu akanyage breki, tumia soketi ya 30. Ukijaribu gari likiwa juu ya stendi unaweza kuliangusha.

3. Inua, weka stendi, toa gurudumu. Tikisa gari kwa mkono kabla hujaingia chini. Likicheza, rudia.

4. Tenganisha mkono wa chini na kitovu cha gurudumu: nati mbili na bolti moja za 17. Sukuma mkono chini, vuta kitovu nje. Kardani ikigoma kutoka kwenye kitovu, rudisha nati mpaka ilingane na ncha, gonga kupitia kipande cha mbao. Nyundo tupu inaponda meno ya ncha. Usiache kitovu kining'inie kwenye mpira wa breki; kifunge kwa waya.

5. Chomoa kardani kwenye giaboksi. Ingiza bisibisi kubwa kati ya giaboksi na kikombe cha kardani, sukuma kwa mshtuko mfupi. Usivute mhimili wenyewe: kiungo cha ndani kitaachana na umejitengenezea kazi ya pili. Toa upande mmoja, umalize, ndipo uende mwingine. Kwenye giaboksi nyingine, kutoa zote mbili kunaachia gia za ndani zihame.

6. Pima kina cha sili ya zamani kabla ya kuitoa. Imelingana na ukingo au imezama? Milimita ngapi? Andika hata kwa chaki kwenye mlango. Kisha ing'oe kwa bisibisi ukiwa makini usikwaruze tundu la aluminiamu. Mkwaruzo mmoja wa kupita upande hadi upande ni njia mpya ya mafuta.

7. Kagua kardani pale sili inapogusa. Futa, pitisha ukucha. Ukucha ukikwama kwenye mfereji, sili mpya itavuja vilevile. Kama tundu lina nafasi, weka sili milimita 1 au 2 ndani zaidi ya ile ya zamani ili mdomo upite kwenye chuma kizima. Kama mfereji ni mpana, tafuta kardani nyingine. Hakikisha pia, kabla ya kufunga, kwamba kardani ikiwa ndani haichezi juu na chini sana. Ikicheza, beringi za difu, zile gia za ndani zinazozungusha kardani, zimechoka, na hakuna sili duniani itakayovumilia.

8. Weka sili mpya. Safisha tundu mpaka tambara litoke jeupe. Paka mdomo mafuta ya giaboksi. Sili kavu inaungua dakika za kwanza. Upande wenye springi utazame ndani. Igonge kwa bomba au soketi yenye upana wake, au uilalie sili ya zamani juu yake, kidogo kidogo kuzunguka. Ikienda upande, itoe uanze upya, usiinyooshe kwa nyundo.

9. Rudisha kardani. Geuza pengo la kile kipete cha waya kwenye ncha litazame chini, beba uzito wa kardani kwa mkono wa pili ili meno yasichane mdomo wa sili, sukuma kwa nguvu mara moja. Utasikia mlio mdogo wa kuingia. Jaribu kuichomoa kwa mkono kwa kushika kikombe: icheze milimita mbili au tatu, isitoke.

10. Funga yaliyobaki. Mkono wa chini 142 Nm. Nati ya kardani 216 Nm, ikikazwa gari likiwa chini. Kwa mkono wa nusu mita ni kama kilo 44 zikining'inia mwishoni. Weka pini mpya. Usisukume gari kabla nati hii haijakazwa, beringi ya gurudumu inaharibika.

## Hatua ya 7: Kujaza

Funga kizibo cha chini na rondela mpya. Hakikisha gari ni tambarare. Pitisha mpira kutoka juu ya injini hadi tundu la kujazia, mimina polepole mpaka mafuta yaanze kutoka yenyewe, subiri yakatike, funga. Kama zimeingia lita 2 na zaidi na bado hayatoki, simama: ama gari limeinama, ama umesahau kizibo cha chini.

Usiweke mafuta ya injini kwa sababu "ni mafuta tu". Usiweke grisi, wala ndizi mbivu, ujanja wa wauza magari mabovu wa kunyamazisha kelele kwa siku mbili. Zile dawa za chupa za kuzuia kuvuja zinavimbisha mpira kwa muda, na mara nyingi muda huo unaishia kwa mnunuzi. Nunua chupa yenye muhuri ambao haujaguswa. Chupa za kujazwa tena ziko nyingi mjini.

## Hatua ya 8: Utajuaje umefaulu

Osha tena, poda tena. Endesha kama umbali wa Goma hadi Sake na kurudi, kilomita 50 hivi. Sikiliza: gia ziingie bila kukwaruza, kona zisilete mlio. Usiku tandika boksi jipya.

Asubuhi ya kwanza unaweza kuona tone moja la mafuta yaliyokuwa yamejificha kwenye mikunjo ya fremu. Lifute, usihesabu. Asubuhi ya pili na ya tatu boksi liwe kavu. Unyevu mwembamba usiodondoka uangalie tena baada ya wiki, upime kiwango kwa kidole. Tone la harufu ya kiberiti asubuhi ya tatu linakurudisha Hatua ya 3, si dukani.

Mafuta machafu yatie kwenye bidoni (dumu). Usiyamwage kwenye nyufa za mawe. Hapa chini yetu ni volkano iliyojaa matundu, kinachoingia huko hakizuiliki, na maji ya mabomba yetu yanavutwa kutoka ziwani. Wapaka mbao za mapaa watayachukua bure, wengine watakupa hata bei ya soda.